Firigisi ya Baba Mkubwa

Jogoo tuliyempeleka Nairobi Januari ile hakuwa zawadi. Alikuwa ombi lenye manyoya. Mama alimlea tangu akiwa kifaranga, akakataa kumuuza, akakataa hata kumpikia mchungaji alipotutembelea, kwa sababu jogoo yule alikuwa na kazi moja tu duniani: kumlainisha baba mkubwa.

Ombi lenyewe nilikuwa mimi. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane na kupata nafasi katika shule ya upili ya kutwa, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Kariobangi, ambako kaka mkubwa wa baba alikuwa amepanga vyumba viwili katika ploti yenye wapangaji wengi. Akikubali nikae kwake, ningesoma. Akikataa, ningerudi nyumbani kungoja mwaka mwingine, na kwetu msichana aliyengoja mwaka mwingine mara nyingi alipata mchumba kabla ya kupata shule. Mkewe, mama mkubwa, alishakubali kitambo kwa barua. Aliyebaki ni mzee.

Tulikuwa wenyeji wa ploti ile ile. Nilizaliwa pale, mlango wa tatu kutoka kwa mfereji. Kisha kiwanda alichofanyia baba kazi kikapunguza watu, na baba akapunguzwa. Baba mkubwa alimwambia avumilie, atafute vibarua, asikimbilie nyumbani. Baba hakusikia la mtu, akafunga virago, tukarudi kijijini. Miaka mitatu hawakuonana, na sasa alikuwa anarudi kumwomba yule yule aliyemkatalia ushauri. Wiki nzima kabla ya safari aliifanyia mazoezi hotuba yake zizini, asubuhi akikamua. Ng'ombe alikubali kila mara.

Tulifika asubuhi, jogoo akiwa mzima na sisi tukiwa hoi. Watoto wa ploti walikuja kututazama, nami nikawasalimu kwa sheng, lugha ya vijana wa mjini, ile ile niliyoondoka nayo, ile ambayo kijijini ilinifanya nionekane mtu wa maana. Walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Kumbe nilikuwa nasema kama mama zao. Nilikasirika, nikaingia ndani na mzigo wangu.

Baba mkubwa alikuwa zamu ya asubuhi, angerudi saa kumi. Mama mkubwa alikuwa kwenye kibanda chake cha mitumba. Mama akatoa amri: nitapika mimi, peke yangu, ili mzee aone kwamba anapewa mtu wa kusaidia, si mdomo wa kulishwa tu. Baada ya hapo akajitupa kitandani akalala kama gunia. Baba alimchinja jogoo kando ya mfereji, akamkatakata vizuri, kisha akaenda kwa kinyozi. Nadhani hakutaka kaka yake amwone na nywele za mtu aliyeshindwa.

Hapa lazima nieleze jambo. Kwetu magharibi, kuku akipikwa, firigisi ni ya mwenye nyumba. Tunaiita imondo. Haikatwi, haionjwi, haipotei. Msichana kazi yake ni kuiosha, kuipika na kuisahau. Baba mkubwa alikuwa ameishi mjini zaidi ya miaka ishirini na mambo mengi alikuwa ameyaacha, lakini kwa imondo hakuwa na mzaha. Siku moja kwa wakwe zake, ambako mkwe mgeni ndiye hupewa heshima hiyo, bakuli lililetwa bila imondo. Alisimama, akachukua kofia yake, akaenda zake na njaa. Kila mtoto wa ukoo wetu alijua habari ya ile kofia.

Basi niko mlangoni na jiko la makaa, sufuria inachemka, jasho linanitoka, akatokea jirani wa mlango wa nne. Alikuwa mama wa Kikamba, mjane kutoka upande wa Machakos, ambaye alinilea mchana kutwa nilipokuwa mdogo na mama yuko sokoni. Alinikumbatia, akanigeuza, akasema nimekonda, akasema nimekuwa mkubwa, yote kwa pumzi moja. Nilimpenda mama yule na bado nampenda. Kila alipopika kuku, firigisi ilikuwa yangu, kwa sababu haina mfupa wa kumkaba mtoto na kwake haikuwa na mwenyewe. Mama yangu hakuwahi kujua.

Akaketi kwenye kigoda, tukapiga domo. Huku tukiongea alifunua sufuria, akachokora kwa mwiko, akapuliza alichokipata.

"Fungua mdomo," akasema.

Nikafungua. Mpaka leo sina sababu ya kueleweka. Mdomo ulimtambua kabla ya kichwa. Nilitafuna kwa raha, na nilikuwa nimeshameza nusu nilipoikumbuka kofia.

Nilipomweleza, alinitazama kama mtu anayeambiwa kwamba mvua ina mwenyewe. Kisha aliona machozi yangu, akaelewa kwamba shule yangu ndiyo iliyokuwa imetafunwa. Hakuuliza zaidi. Alijifunga leso, akashika njia kuelekea sokoni, kwa wale akina mama wanaouza vichwa, miguu na firigisi za kuku wa broila. Alirudi anahema. Muuzaji alikataa katakata kumuuzia moja, kwa hiyo alileta fungu zima. Nikachagua iliyokuwa kubwa kidogo, nikaizamisha chini kabisa ya sufuria, nikakimbia dukani kwa unga.

Nilipoenda, jirani akafunua sufuria. Hakuona firigisi. Akafikiri hofu imenifanya nisahau, akatia nyingine, akaenda kwake kwa roho safi.

Baba mkubwa alirudi saa kumi na dakika zake. Alisalimu, akanawa, akatundika kofia kwenye msumari karibu na mlango. Baba, kichwa kimenyolewa kinang'aa, aliketi kwenye ukingo wa kiti kama anayesubiri kuitwa na daktari. Nikaleta ugali, nikaleta bakuli. Mzee alizungusha kijiko, akaipata imondo, akaiweka kando ya sahani. Uso wake ukalegea. Baba naye akaona mlango umefunguka, akakohoa, akaanza hotuba, ile sehemu ambayo ng'ombe aliipenda sana.

Kijiko kikazama tena, kikatoka na firigisi ya pili.

Hotuba ya baba ikakatika katikati ya neno. Mama aliniangalia mimi. Mimi niliangalia kofia.

Baba mkubwa alizipanga zote mbili ubavu kwa ubavu, akazichunguza.

"Jogoo alikuwa mmoja?" akauliza.

"Mmoja," baba akasema.

"Nani amepika?"

Nilikuwa nimeshatunga uongo, tena mzuri, unaomhusu jogoo wa jirani. Lakini nilipofungua mdomo ukweli ndio uliotoka, wote, kuanzia mwiko hadi fungu la sokoni. Nililia mpaka kamasi. "Yako niliila mimi, baba mkubwa," nikamaliza.

Alizitazama tena zile firigisi mbili. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Mama alifumba macho akidhani ni hasira, lakini mzee alikuwa anacheka, kicheko cha kimyakimya kilichomlazimisha avue miwani. Alicheka mpaka nikajikuta namkasirikia, maana kwangu hakukuwa na la kuchekesha.

Alipojifuta macho, aliirudisha firigisi moja kwenye sahani yake. Nyingine aliisukuma ng'ambo ya meza, kwa baba. Baba akairudisha. Alisema ni ya kaka yake, kwa sababu nyumba ile ni ya kaka yake.

"Kwani wewe huna nyumba?" baba mkubwa akasema, sasa bila kucheka. "Kula. Mtoto atakaa hapa, hilo nililikubali tangu barua ilipofika. Niliyekuwa namngoja ni wewe."

Nilitaka kuruka, ila kwa namna fulani sikuweza, kwa sababu nilikuwa namtazama baba. Aliichukua firigisi kwa vidole, akaitia mdomoni, akainamisha kichwa chake kipya. Firigisi ya broila ni laini, mtu huitafuna mara tatu akameza. Baba aliitafuna ile kwa muda mrefu sana, na hotuba yake hakuimalizia.