Neno la Tatu

Niliwahi kusema ilikuwa mwaka wa hamsini na tatu. Sivyo. Hamsini na tatu nilikuwa bado nakata mkonge Mwatate. Ilikuwa hamsini na tano, mimi kuli pale stesheni ya Voi, na Mwandawiro mtu wa bendera.

Wakati wa vita alikuwa baharini, kazi yake kumulika taa ya ishara melini. Unamulika neno moja, na yule wa mbali akilipata anamulika mara moja kukujibu. Asipojibu unarudia lile lile, huendi mbele. Hata Voi alikuwa hivyo. Akikuamkia usipoitikia, anakuamkia tena na tena mpaka watu wacheke.

Asubuhi moja, pwani ya Burma, askari walikuwa wanapelekwa ufukoni kwa mashua. Mtu wa taa kwenye mashua ya mbele alikuwa Phineas wa Mbololo, aliyesoma naye. Mizinga ya adui ikaanza. Kapteni akaagiza maneno matatu: Mashua. Zote. Geukeni. Phineas akajibu la kwanza. Akajibu la pili. La tatu Mwandawiro alilirudia mara kumi na moja. Mashua ikaenda mpaka mchangani, na hakurudi mtu.

Haya alinisimulia akila muhogo, kwa sauti ile ile ya kusema treni imechelewa.

Sasa kule Mbololo watu walikuwa wanasema Phineas aliiona amri akaidharau, akawaua wenzake. Mama yake, Jerusha, aliacha kanisa kwa maneno hayo. Jumanne moja akashuka Voi.

"Mwandawiro, mwanangu aliona au hakuona?"

"Hakujibu, mama."

"Sikukuuliza hiyo. Mtoto wangu alikuwa na macho."

"Mimi najua jibu tu. Macho yake siyajui."

"Basi nimulikie mimi. Nijue kama mtu anaweza kutazama asione."

Nikamwambia, "Mama Phineas, reli watakuandika kazi wewe."

"Nyamaza, Elijah. Beba kikapu."

Mwandawiro alikuwa na kioo cha kunyolea, kingine tukaazima kwa kinyozi. Akamfundisha kujibu. Nikampeleka ng'ambo ya reli, upande wa Ndara, mbali mpaka Mwandawiro akawa mdogo kama kidole. Mama akaketi juu ya jiwe. Mimi nilisimama nyuma yake.

Neno la kwanza likaja. Jerusha akajibu. La pili, akajibu. La tatu nililiona likicheza kwenye kilemba chake. Kioo kilikuwa mapajani, hakukiinua. Mwandawiro akarudia. Nilihesabu mpaka saba, kisha treni ya mizigo ikapita katikati yetu, mabehewa mengi. Ilipokwisha, bado alikuwa anamulika.

Jerusha akanipa kioo, akakung'uta vumbi la gauni, akashika njia ya kurudi, nami nyuma.

Wiki ile ile aliita watu wakamlilia Phineas, miaka kumi tangu apotee. Jumapili akaketi kanisani, benchi la mbele. Watu walipomwuliza alisema mwanawe hakuona, basi. Mwandawiro hakwenda matangani. Alisema bado anangoja ajibiwe. Baadaye wakamhamishia Taveta.

Mimi nilimwuliza yule mama siku ile tukivuka reli, nikarudia lile lile matangani, na mara ya mwisho akiwa amelala mgonjwa, mkono wake kwenye mkono wangu: Mama, lile la tatu, uliliona?