Koki Nyuma ya Tangi

Vita vilipoanza, jeshi la majini lilipungukiwa na meli, likaja kuchukua za wavuvi. Ile ya shemeji wa Fundi Grisi waliipaka rangi ya kijivu, wakafuta jina wakaandika namba, na pale mbele palipokuwa panaanikwa nyavu wakafunga mzinga. Risasi za mzinga zikapangwa kwenye ghala la samaki. Waliliosha mara tatu kwa sabuni ya unga na harufu haikutoka, mabaharia wenye sare zilizonyooka wakawa wananuka kama wachuuzi wa sokoni.

Meli waliitaka. Grisi hawakumtaka. Alikuwa na miaka sitini na moja, na injini ile aliilea miaka ishirini na miwili. Watoto wake mwenyewe hawakupata malezi hayo, muulize mkewe.

"Waachie meli yao, baba watoto, upumzike," mkewe alimwambia.

"Nipumzike nimechoshwa na nini?"

Siku ya makabidhiano aliwaonyesha mafundi wa jeshi kila kitu, isipokuwa koki moja ndogo nyuma ya tangi la mafuta, aliyoiweka mwenyewe zamani bomba lilipovuja. Ukiifunga, injini inawaka vizuri, inakwenda dakika tano, kisha inazimika na kukuacha unakuna kichwa. Grisi akaifunga, akapanda juu na uso wa mtu aliyetoka kusali. Mafundi wakahangaika siku mbili. Ya tatu wakamwita. Aliwatoa wote nje kwa madai kwamba injini ile ina haya, akafungua koki, akagongagonga vyuma ili wasikie kazi inafanyika, na injini ikanguruma. Nahodha mpya, luteni kijana asiyecheka, akaamuru aandikwe kazini.

Kazi yenyewe ilikuwa kuburuta waya mrefu baharini ili ukate minyororo ya mabomu yaliyotegwa na adui. Bomu likielea, lipigwe risasi kwa mbali. Ila aliyeshika winchi ya kuvutia waya, mmoja wa wavuvi wachache waliochukuliwa pamoja na meli, alikuwa mvuvi tangu utotoni, na mvuvi akihisi uzito hafikirii mara mbili, anavuta. Asubuhi moja waya ulikuwa mzito, akavuta. Kule chini Grisi alisikia winchi ikilalamika, akapunguza mwendo kama anavyofanya wavu ukijaa. Luteni alipogeuka, bomu la ukubwa wa pipa lilikuwa linaning'inia nyuma ya meli, na wavuvi wawili wameinama kulipokea.

"Lirudisheni," Luteni alisema kwa sauti ya chini sana.

Wakalirudisha taratibu kuliko samaki yeyote waliyewahi kumrudisha.

Makao makuu hawakuona cha kuchekesha. Wavuvi wote wateremshwe siku hiyohiyo. Askari alisimama mlangoni Grisi akifunga mfuko wake, asipate hata upenyo wa kupita nyuma ya tangi. Koki aliiacha wazi. Nyumbani alikaa kitandani na viatu miguuni, akalia, na mkewe, ambaye maneno hayamwishi, akapiga magoti kumvua viatu.

Siku ya nne gari la jeshi likasimama mlangoni kwao. Injini imegoma. Grisi alikwenda, akapapasa nyuma ya tangi, akakuta koki imefungwa. Akaamua kwamba aliifunga mwenyewe akasahau, ndio uzee huo. Hawakumteremsha tena, akafagia mabomu miaka miwili iliyobaki.

Vita vilipokwisha, meli ikarudishwa kwa wenyewe. Luteni alikabidhi funguo gatini, akampa Grisi mkono.

"Mzee, ile koki yako nyuma ya tangi imeanza kuvuja. Ibadilishe."

Grisi akajifanya hajui. "Koki ipi?"

"Ile niliyoifunga siku walipokuteremsha. Uliondoka haraka, ukaiacha wazi."

"Ulijua tangu lini, mwanangu?"

"Wiki ya kwanza. Nyayo zako za grisi zilikuwa zinaishia pale."

Grisi aliinamisha kichwa, akavitazama viatu vyake. Miaka yote hiyo alikuwa akimwonea huruma kijana yule, kwamba maskini, hajui chochote kuhusu injini.