Kokwa la Mwale

Mto Turkwel ukishuka baada ya mafuriko, hapa Lodwar ninakoishi sasa, ukingoni hubaki tope jeusi la majani yaliyooza. Watu hushika pua. Mimi husimama. Labda sikumbuki sawasawa, lakini harufu hiyo hunirudisha Kakuma, kambini kwa wakimbizi, mwaka 2012, nikiwa msichana mdogo ninayeshinda mlangoni peke yangu.

Tulitoka Maniema, Kongo, mama na mimi. Kule msitu ulisimama ndani ya maji. Mizizi ilichomoza kama magoti, kwa sababu, mama alisema, udongo ule hauna hewa, lazima mti utafute pumzi juu. Chini yake ilijaa miwale, jamii ya mitende ipendayo majimaji, ambayo nyuzi zake mama alisukia mikeka, na mimea mingine nisiyoijua majina.

Kakuma mama aliacha kuongea. Nisimwonee: alipika, alinisuka nywele, basi. Siku moja alifungua pindo la kitenge, akanipa kokwa kavu la mwale.

“Kapande.”

Nilidhani maji ndiyo yaliyotengeneza msitu wetu. Nikachimba shimo karibu na bomba, nikalifukia humo, nikawa nalimwagia maji ya vyombo. Udongo ukashikana kama sahani, ukaota chumvi nyeupe.

Mama Ekai, Mturkana aliyetuuzia kuni, alicheka mpaka akatua mzigo, akanisalimu kwa Kiturkana. “Ejok, mtoto! Sisi tunachimba mchanga tupate maji, wewe unamwaga maji upate nini?” Lakini kesho yake alileta samadi ya mbuzi na majani ya mkoma, mtende wa huko. “Weka. Hii udongo iko na njaa.”

Majani yakaoza, harufu ikapanda. Jioni moja mama akaja, akapiga magoti, akavuta pumzi ndefu, akaanza kuitaja miti ya kwetu, mmoja mmoja, kama anaita watu waje kula. Nilijibana nisikohoe, asije akanyamaza.

Kisha majirani wakalifukia lile shimo lililotuama maji, kwa sababu ya mbu. Walikuwa na haki. Watoto wao waliugua. Mama akarudia kimya chake. Nililia, nikijua mti umekufa mikononi mwangu.

Miaka mingi baadaye, mama akiwa ameshafariki, msusi mmoja wa mikeka kutoka Maniema aliniambia hapa sokoni: “Kokwa la mwale likikauka, dada, limekufa. Kila msusi anajua.”

Mama naye alijua, basi. Siwezi kumsemea. Ila nadhani aliniona pale mlangoni peke yangu, akanitafutia kitu cha kumwagilia.