Waliozoea Mkonge

Meneja wa shamba la mkonge nilikokuwa nyapara, upande wa Kibaha, alikuwa Mwingereza ambaye hakuwahi kukata jani hata moja, ila alijua yote. Imani yake ilikuwa moja: mgeni wa kazi hukimbia, aliyezoea hukaa.

Vijana kumi waliponitoroka kabla ya kumaliza kipande, ile kadi ya siku thelathini za kazi, aliniita.

"Lete waliozoea. Na hao wakiondoka, wewe unarudi kukata."

Nilikuwa nimekata mkonge miaka sita, na mgongo wangu haukuwa umesahau. Nikatii.

Nilisimama njia ya Kongowe nikikagua viganja vya watu kama mnunuzi wa mbuzi. Mwenye makovu ya miiba nilimchukua, asiye nayo nilimfukuza. Washamba wawili wa Magindu, viganja vyao vya jembe tu, niliwachukua kwa kuwa idadi haikutimia. Niliwadharau tangu waliponishukuru.

Wazoefu wangu walijua kazi, sikatai. Walijua mno. Siku ya kwanza walinusa unga wa posho wakatazamana. Siku ya pili wakauliza kwa nini bunda letu lina majani mengi kuliko la shamba walikotoka. Siku ya tatu mkubwa wao alisimama mlangoni kwangu, mkeka kwapani.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia. "Safari ya wapi tena?"

"Marahaba. Mwanangu, umewahi kufanya kazi shamba jingine?"

"Hapana."

"Tembea uone," akasema, na wote wakamfuata.

Wale wawili wa Magindu wakabaki. Walikula unga wenye wadudu na kusema alhamdulillahi, wakafunga yale mabunda makubwa wakidhani ndivyo mkonge ulivyo dunia nzima. Meneja akaniambia, bila haya, kwamba siku zote alisema wageni ndio wanaokaa. Kisha akanipa kisu.

Nikapangwa mstari mmoja na wajinga wale. Nikawacheka kimoyomoyo kila asubuhi, mpaka walipomaliza kipande chao cha kwanza. Siku hiyohiyo wakafunga mikeka, wakaniaga kwa adabu, wakaenda zao. Mwezi mmoja uliwatosha kujua.

Mimi nilikaa pale miaka kumi na miwili zaidi.