Mwisho wa Picha Ninaomdai Poni

Siku ile kibandani tulikuwa mimi, mdogo wangu Poni, kitindamimba wetu Wani akiwa mgongoni kwangu, Abdi mtoto wa Msomali wa duka la sukari, Ssalongo Mganda mwenye kibanda, na kijana wake wa kutafsiri picha ambaye sote tulimwita Vijee. Watu wazima walijaa kwenye mabenchi, lakini hao siwataji. Hao waliona picha yao wakaenda zao.

Ninyi mliorudi Juba mkiwa watoto, mmetoka kambini Kenya na Kiswahili chenu mdomoni na godoro kichwani, mtakikumbuka kibanda cha video cha Nyakuron. Mabati juu, turubai pembeni, jenereta nyuma ikikohoa kama mzee mwenye pumu. Mlangoni mama mmoja alikaanga tamia, bajia zetu za dengu, na harufu ya mafuta yake ilichanganyika na petroli na jasho mpaka leo nikipita mahali panapokaangwa tamia nasikia milio ya bunduki za Wachina. Vijee alikaa mbele na kipaza sauti, anapunguza sauti ya wazungu, anaongea yeye. Kila mhusika alimpa jina alilolitunga yeye mwenyewe. Kama picha ilikuwa na maneno mengi, aliyafupisha. Kama ilikuwa na maneno machache, aliongeza ya kwake.

Enzi zetu picha haikuwa ya mtu mmoja. Watoto wa mtaa mzima tulichangia kiingilio cha mmoja wetu, akaingia, akatoka, akatusimulia. Msimulizi hakusimulia bure. Siku hiyo zamu yake ya maji ilibebwa na wasikilizaji, na ulikuwa mstari mrefu pale bombani, jua linakuchoma utosi, wanawake wanakusukuma na majerikani yao. Sheria ilikuwa maji kwanza, picha baadaye. Na uliyemlipa ndiye anayekusimulia, hakuna kwenda kuulizia kwa mwingine.

Mama alipokuwa hai, msimulizi wa mtaa nilikuwa mimi. Nasema kwa sababu wengi wamesahau. Nilijua kuigiza mlango unaolia, nilijua kufa kwa namna nyingi. Mama alipomfuata baba kaburini, kiti changu cha kusimulia kilibaki wazi. Mgongoni nilikuwa na Wani, mkononi mwiko, na haboba, bibi yetu, alikuwa haoni vizuri. Mama alizoea kuniambia, "Angalia sahani za wadogo zako kwanza, halafu uangalie yako." Nikaangalia. Nilipoinua macho, Poni alishakaa kwenye kiti changu, na watoto walimsikiliza midomo wazi kuliko walivyowahi kunisikiliza mimi.

Siku ile niliyoanza nayo, Ssalongo alituingiza bure kwa sababu haboba alimpelekea kisra, mkate mwembamba wa mtama, na mula, mchuzi wa bamia. Picha ilikuwa ya vitabu. Mtaa mzima tulizoea karate na majoka, sasa inakuja picha ya watu wanaotafuta kitabu! Wanaume wakaanza kulalamika. Vijee akawanyamazisha: "Nyamaza! Hii kitabu hapana ya shule. Hii kitabu iko nakula watu!"

Na kweli ilikula. Kulikuwa na dada na kaka, yatima kama sisi, wana duka la vitabu vikuukuu katika mji wa baridi. Siku moja kinaletwa kitabu cha ngozi nyekundu, kurasa zake tupu, hazina hata nukta. Kaka anakifungua. Ukurasa unaandika jina lake taratibu, herufi baada ya herufi, na asubuhi dada anakuta viatu tu mbele ya rafu. Kitabu hakipo, kaka hayupo. Dada anaanza kukitafuta kwa matajiri wanaofungia vitabu kwenye makabati kama dhahabu. Kila nyumba anayofika anakuta viatu. Mkubwa wa hao matajiri, mwenye chumba chini ya ardhi na mishumaa myeusi, Vijee alimwita Bwana Soksi, na mpaka leo sijui wazungu walimwita nani.

Mwishoni dada yule anakipata kitabu. Bwana Soksi anamwambia kwamba kaka yake yumo ndani, na atatoka akikubali mtu mwingine aingie. Dada anaweka kidole kwenye ukurasa wa mwisho. Kibanda kizima kimya, hata jenereta kama imeshika pumzi. Hapo ndipo Wani alipopiga yowe.

"Mtoto nalia toka nje!" Vijee akasema kwenye kipaza sauti, kila mtu akageuka.

Nilimkodolea Poni macho ili amchukue. Hakugeuka. Nikatoka. Nyuma ya turubai, nikimrusharusha Wani, nilisikia watu wote wakisema "Ah!" kwa pamoja. Hakuna aliyepiga makofi. Walitoka mmoja mmoja bila kuangaliana, na wanaume walewale waliolalamika walikuwa wakitazama miguu yao. Abdi hakuona kitu, alikuwa ameziba macho kwa viganja. Poni alitoka wa mwisho.

"Nini kilitokea?"

"Maji kwanza, dada."

"Mimi ndiye ninayekupikia, we msichana!"

"Sheria haijui mpishi."

Nikateka. Niliteka zamu zake zote mpaka utosi ukaota sugu. Na yeye akasimulia, lakini alianzia mwanzo, na kila jioni alisimulia kipande kidogo, na kila kipande alikinenepesha. Watoto walitoka mpaka mtaa wa pili. Mimi nilikaa pembeni nikichambua dengu, wivu umenijaa, maana alikuwa na mambo ambayo hata Vijee hakuyasema, na yalikuwa matamu kuliko ya Vijee. Kila jioni alikatia palepale, kidole juu ya ukurasa.

Ndipo akaja mjomba kutoka Uganda. Alisema ana nafasi ya mtoto mmoja tu, atamsomesha bwenini. Mimi nilikuwa nimeacha shule darasa la sita, madaftari yangu bado nilikuwa nimeyafunga kwenye kitenge cha mama. Haboba alinipapasa uso, akampapasa Poni, akasema, "Khalas, basi. Huyu akienda nani atabaki na Wani? Poni aende." Sikubisha. Nilimsuka nywele, nikamfungia mandazi. Alfajiri, gari likiwa linawaka, nilimwuliza dirishani: "Na mwisho?"

"Nikirudi," akasema, gari likavuka daraja kuelekea Gumbo na barabara ya Nimule.

Basi Poni alienda na vyote viwili, shule na mwisho wa picha. Kuikosa shule nilikuzoea. Kuukosa ule mwisho sikukuzoea. Alisoma, akasoma tena, na kazi aliyoipata, Mungu ana mizaha, ni ya kutunza vitabu na karatasi za zamani, huko Kampala. Alinitumia picha yake moja kwenye simu. Amevaa glavu nyeupe, ameshika kitabu cha ngozi kwa vidole viwili kama mtu anavyomshika kifaranga. Niliitazama picha hiyo huku mikono yangu ina masizi ya makaa, nikaizima simu. Hata vitabu, nikasema, vimemchagua yeye.

Watoto wa siku hizi hawawezi kuyaelewa haya. Wani, ambaye kilio chake kilinitoa kibandani, sasa ana ndevu na simu kubwa kama sinia. Picha ya saa mbili nzima anaiangalia kwa dakika chache, anairuka kwa kidole kama mtu anayeruka madimbwi. Mwaka jana alikuja mbio. "Dada, nimeipata! Dada na kaka, kitabu chekundu, viatu!" Akanionyesha. Wazungu walikuwa wakiongea Kiingereza, na Bwana Soksi wala hakuwa mnene kama Poni alivyomnenepesha. Wani akaanza kuipeleka mbele. Nikamshika mkono.

"Si unataka mwisho?"

"Nataka wa Poni. Huo sijaulipia."

Akaniona nimezeeka ghafla.

Poni alikuja baada ya mvua, tulipokuwa na dua ya kumkumbuka marehemu haboba. Ana miwani sasa. Watu walipoondoka, wanangu walimzunguka, kila mmoja na simu yake, shingo zimepinda. Sijui nani alimwuliza kuhusu kazi yake. Akasema, "Niwasimulie kitabu kilichokula watu?" Akaanza, kwa Kiswahili kilekile cha Vijee, "iko nakula", mlango ukalia, Bwana Soksi akatembea. Simu zikalala chini moja baada ya nyingine. Binti yangu mkubwa, ambaye mimi nikimwita huitika mara ya nne, alikuwa hapepesi macho. Nilikuwa jikoni na sufuria ya mafuta, nikasikia ule wivu wa zamani umeamka, mzima wa afya, haujazeeka hata siku moja.

Akafika kwenye kidole juu ya ukurasa. Akakatia hapo, kama zamani.

"Halafu, mama mdogo? Halafu?" wanangu wakapiga kelele.

"Hapo mwisho ni wa mama yenu," Poni akasema. "Aliulipia kwa maji mengi. Dada, njoo nikuambie."

Nilifuta mikono. Nilisogea mpaka nikasikia marashi yake. Miaka yote hiyo nimeutaka, na sasa mdomo wake uko sikioni kwangu. Nikawaza: ana shule, ana glavu, na wanangu wanamtazama yeye. Katika vyote alivyo navyo, hiki kimoja tu ni changu. Akikitoa, atapanda gari akiwa hana kitu changu mkononi cha kumrudisha.

"Si leo," nikamwambia. "Mafuta yanaungua."

Wanangu walinichukia wiki nzima. Poni mwenyewe aliondoka kesho yake tu, akavuka daraja. Alinipigia kutoka Nimule, mpakani, nyuma yake madereva wanagombana.

"Dada, nikuambie sasa? Mtandao uko vizuri."

"Mwisho hausimuliwi kwenye simu. Rudi uniambie hapa."

Alicheka. "Nikirudi," akasema.

Kibanda kimebomolewa, pale sasa wanauza kadi za simu, na Ssalongo alirudi kwao. Watoto wanaona picha nyingi kwa siku kuliko tulizoziona sisi utoto mzima, na hakuna anayemngojea mwenziwe amwambie kilichotokea. Bomba lipo. Nikipita pale na jerikani huwa nalisalimia. Maji yangu yote nilishayateka. Poni bado hajalipa.