Baraka Niliyoifuta

Enzi zetu pale mtaani kwetu Waberi, mtoto hakwenda kwenye mtihani kichwa kikiwa kikavu. Ulipitia kwa wazee kwanza, ukainama, wakakusomea dua, kisha wakakutemea mate kidogo utosini. Hizo ndizo zilikuwa baraka. Vijana wa leo, wenye vichupa vya kutakasa mikono mifukoni, wangezimia.

Mimi baraka zangu zilitoka kwa ayeeyo, bibi mzaa baba. Naye aliniita ayeeyo vilevile, kama ilivyo desturi yetu. Pumzi yake ilinukia iliki na maziwa ya ngamia yenye moshi. Asubuhi alitupatia sisi wajukuu anjera za moto, chapati zetu laini za maji, tukazila tukiwa tumesimama, mafuta ya simsim yakitiririka hadi viwikoni. Jioni tulicheza mpira wa soksi, naye akahesabu mabao kutoka mlangoni. Kwa hesabu yake, timu yangu haikuwahi kufungwa.

Nilipofika darasa la nane nikaanza kuona haya. Darasani walikuwako watoto wa maofisa waliotoka Nairobi. Siku ya mtihani nilitoka nyumbani kwa kunyata, sikumpitia. Tulipokuwa mstarini nikamwona anaingia getini na fimbo yake, akihema.

"Mwalimu," alisema, "hii mtoto yangu iko na akili. Chunga yeye fizuri."

Wenzangu wakacheka. Akanishika kichwa, akasoma dua yake yote bila haraka, akatema.

"Huyo mathee anakutemea mate?" mmoja akaniuliza.

Nikatoa leso nikajifuta. "Achana naye," nikasema, "uzee umemharibu akili."

Nilidhani Kiswahili changu cha haraka kingempita. Mwanamke aliyeuza maziwa sokoni kwa Kiswahili maisha yake yote! Aliitazama ile leso, akageuka, akaenda zake. Nyumbani hakulitaja, na mimi sikuomba radhi. Nilijiambia amesahau, kwa kuwa wazee husahau.

Miaka michache baadaye, nikienda chuo, niliinama mbele yake bila kuitwa. Alisoma dua, akanitemea mate. Kabla sijainuka akashika pindo la mtandio wake, akanipangusa utosi taratibu mpaka ukakauka.

"Sasa nenda, ayeeyo," alisema. "Hawataona."

Nilienda. Alifariki muhula uleule.

Enzi zetu mzee ndiye aliyesubiriwa ndipo jambo lianze. Siku hizi huambiwa apumzike, maana yake akae pembeni asitusumbue. Wanangu humsalimia mama yangu wakiwa mlangoni, macho kwenye simu, na akinyoosha mkono kuwashika vichwa husema wamechelewa. Nafungua kinywa niwakemee, aibu inanibana, nanyamaza. Mama husema Mungu alimjalia mwana mpole. Sijawahi kumweleza habari ya ile leso.