Massoudi na Jiwe la Mugere

Kabla ya vita, mgeni aliyeshuka Bujumbura akauliza nani wa kumtembeza, alielekezwa mtaa wa Buyenzi, nyumbani kwa Massoudi. Alikuwa mwembamba, mwenye kofia ya kitani na Kifaransa cha madoido. Aliwapeleka wageni kuwatazama viboko pale mto Rusizi unapomwaga maji ziwani. Akawapandisha Vugizo, kwenye kaburi la Rwagasore, shujaa wa uhuru, mahali ambapo mji mzima unaonekana chini, na ng'ambo ya ziwa milima ya Zaire. Mwisho aliwafikisha Mugere, nusu saa hivi kusini mwa mji, kwenye jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley, wasafiri wawili waliopumzika hapo mwaka 1871.

Dereva wake aliitwa Révérien, mtu wa mtaa wa Kinama. Walifanya kazi pamoja miaka kumi na mmoja. Massoudi alifunga Ramadhani, Révérien aliimba kwaya, na kila mmoja alikula sikukuu ya mwenzake.

Vita vilipoanza mwaka 1993, wageni walikatika. Minibasi yao nyeupe ikawa inabeba magunia ya mchele kutoka bandarini. Barabara ya kusini ikawa ya kubahatisha: gari hili linapita salama, la nyuma yake linamiminiwa risasi, na hakuna anayejua waliopiga ni akina nani.

Mwezi wa sita mwaka 1995 akatokea mwalimu mmoja kutoka Bukavu. Alikuwa anaandika kitabu cha wanafunzi wake na alitaka picha ya jiwe. Waliahidiana kwenda kesho yake asubuhi. Lakini magharibi, baada ya swala, Massoudi alimfuata Révérien aliyekuwa akiosha gari.

"Kaka, mi nina homa. Kesho sitaweza."

Révérien alimtazama kidogo, kitambaa kikimchuruzika maji mkononi. "Basi ulale. Nitaenda mi mwenyewe. Maneno ya jiwe nayajua yote."

Siku ya pili, alasiri, mwalimu alirudi mjini kwa miguu, kiatu kimoja tu. Alisema jiwe waliliona, na picha walipiga. Walikuwa ndio kwanza wanashuka kuelekea barabara kuu risasi zilipotoka kwenye migomba. Yeye alijitupa mtaroni. Révérien alifia kwenye usukani.

Maiti haikuletwa. Askari walikuwa wameifunga barabara. Wiki hiyo hiyo Kinama ilizingirwa, watu wakakimbia na walichoweza kubeba, na mjane wa Révérien, Adélaïde, akavuka mpaka wa Gatumba na watoto wake wawili kuingia Zaire. Massoudi hakuwahi kumpa pole. Ndani kabisa ya moyo wake alishukuru kwamba hakulazimika kumtazama usoni, na shukrani hiyo ilimtia haya kila alipoikumbuka.

Askari walipoikokota minibasi hadi mjini, aliiuza, akafungua meza ya vitenge sokoni. Wageni waliokuja mjini siku hizo walikuwa wa mashirika ya misaada, wenye magari yao na bendera zao. Wakimuuliza kuhusu Mugere, alijibu kwamba hajui njia.

Kiangazi cha 2004, mwanamke mmoja alisimama mbele ya vitenge vyake bila kugusa hata kimoja. Alikuwa amekonda na nywele zimeingia mvi, ndiyo maana Massoudi hakumtambua mpaka aliposema.

"Shemeji, ni mi. Mama Christa."

Kutoka Zaire Adélaïde alikuwa amekimbilia kambini upande wa Kigoma, na sasa amerudi. Hakumpa Massoudi nafasi ya kutafuta maneno.

"Nataka kuona mahali alilala baba ya watoto. We ndiyo unajua njia. Nipeleke."

"Shemeji, barabara haijapoa."

"Mabasi yanapita asubuhi. Nimeuliza."

Massoudi alifunga meza.

Basi lao lilipita vizuizi vitatu vya askari. Mugere waliteremka, wakaulizia, na watu wakawaonyesha mkulima mmoja wa michikichi, Hyacinthe jina lake. Mzee huyo aliposikia habari ya dereva wa minibasi nyeupe, aliweka panga chini akavua kofia.

"Tulikuwa watatu," alisema. "Tulimuzika mbio mbio, tulikuwa tunaogopa. Tulimufunika na shiti ya mama yangu. Tuliomba Baba Yetu moja tu, mama. Utusamehe."

Aliwapeleka chini ya mteremko, penye mawe yaliyopangwa duara na nyasi ndefu katikati. Adélaïde alipiga magoti, akaanza kung'oa nyasi. Hakulia. Hyacinthe alijitenga. Massoudi alisimama, mikono ikamshinda pa kuiweka, kisha naye akainama kung'oa.

"Shemeji," alisema, "siku ile mi sikuwa na homa."

"Najua."

"Unajua?"

"Aliniambia asubuhi, akikunywa chai. 'Massoudi hana homa, anaogopa. Hata mi naogopa. Lakini yeye ana watoto watano, mi wawili. Mwache.'"

Massoudi alikaa chini palepale penye vumbi. Mwili ulimtetemeka kweli, kama wa mgonjwa. Adélaïde aliendelea kung'oa nyasi.

"Nilikuchukia," alisema. "Kambini, miaka miwili ya mwanzo, nilikuchukia kuliko wale waliomupiga, maana wale siwajui. Kisha nikachoka. Maji yalikuwa mbali, watoto walikuwa wanaugua. Mutu hawezi kubeba vyote."

"Nisamehe, shemeji."

"Sijui kama nimeshakusamehe. Lakini umenileta." Alijipangusa magoti, akainuka. "Sasa nionyeshe hilo jiwe. Watu walitoka Ulaya kuja kuliona, na mi, mke wa dereva, sijaliona hata siku moja."

Walipanda. Kwenye jiwe, Massoudi alianza kwa Kifaransa chake cha zamani, akakatiza, akaanza upya kwa Kiswahili: wale wasafiri wawili, mtumbwi wao, watu wa hapa waliokuja kuwatazama. Adélaïde alisikiliza kwa makini kama mwanafunzi, akapitisha kidole juu ya herufi.

"Ni jiwe tu," alisema mwishowe.

"Ndiyo. Ni jiwe tu."

"Lakini mahali ni pazuri." Alilitazama ziwa kwa muda mrefu, wakashuka.

Mwezi uliofuata walirudi na mfuko wa saruji. Massoudi na Hyacinthe wakajenga kaburi, na Adélaïde akasimamisha msalaba wenye jina na mwaka.

Mwaka 2005, uchaguzi ulipokwisha, wageni wa kutembea walianza kuonekana tena, mmoja mmoja, na Massoudi akavaa kofia yake. Anapowafikisha Mugere huwasimamisha kwanza chini ya mteremko, akawatajia jina la dereva wake na namna alivyokufa, ndipo wapande. Wengine hupiga picha, wengine hutazama saa. Habari ya homa hawaambii wote. Kuna anaowaambia.